UZI: Seli zinavyoambiana, na balaa la ujumbe usiozimika

Fundi wa Hadubini (Hoima):

Wakuu, salaam.

Kwenye ule uzi wa kipindupindu cha vijiji vya Ziwa Albert kuna mtu aliandika kwamba vidudu "vinakula utumbo", mwingine akasema vinaingia kwenye damu. Havifanyi hata kimoja kati ya hayo. Vinabaki ndani ya mfereji wa utumbo, ukuta wenyewe ukiutazama kwa hadubini unaonekana karibu mzima, na bado mgonjwa aliyezidiwa anaweza kupoteza hadi lita moja ya maji kwa saa. Nilitaka kujibu kulekule nikaona jibu ni refu, maana huwezi kulieleza bila kueleza kwanza jinsi seli zinavyoambiana. Kwa hiyo nimefungua uzi. Asiyependa marefu aruke hadi penye kipindupindu, sitanuna.

Mwili wa mtu mzima una seli trilioni 30 hivi. Seli ya ini haina macho ya kuona kwamba umekimbizwa na mbwa, na msuli wa paja hauna njia yake ya kujua kwamba umetoka kula matoke. Habari zote hizo hufika kwa kemikali. Seli moja inatoa molekuli, molekuli inasafiri, inanasa kwenye protini fulani ya seli nyingine. Protini hiyo ndiyo kipokezi. Kikishikwa kinabadilika umbo, na badiliko hilo ndilo linaloanzisha mambo upande wa ndani. Molekuli iliyoleta habari mara nyingi haiingii kabisa.

Chukueni matangazo ya vifo redioni. Tangazo linasikika wilaya nzima, lakini wanaoinuka ni wale tu linaowahusu, na hata hao hawafanyi jambo moja: shangazi anaangua kilio, mwenye duka aliyemkopesha marehemu anatafuta daftari lake. Homoni ni hivyohivyo. Inapita kwenye damu mbele ya seli zote. Isiyo na kipokezi haina habari, na zenye kipokezi kila moja inafanya la kwake.

Aliyelionyesha hili wazi upande wa neva ni Otto Loewi, kule Graz, Austria, mwaka 1921. Alichukua mioyo miwili ya vyura ikiwa bado inadunda kwenye maji ya chumvi. Akaisisimua neva ya moyo wa kwanza, ile inayopunguza mapigo, moyo ukapoa. Kisha akachota maji ya moyo ule akayatia kwenye wa pili, ambao neva yake hakuigusa. Nao ukapoa. Hapakuwa na uzi wala waya kati yao. Kilichovuka ni kitu kilichoyeyuka majini. Leo tunakiita asetilikolini. Mwenyewe alisimulia kwamba wazo la jaribio lilimjia usingizini (wengine tukilala tunaota madeni). Mwaka 1936 yeye na Henry Dale wakapewa Nobel.

Umbali unatofautiana. Insulini inazunguka na damu mwili mzima, asetilikolini inavuka mwanya mwembamba tu kati ya neva na msuli, na kuna seli zinazoongea na jirani au zinazojiambia zenyewe. Sitakaa hapo, notisi za S.5 (kidato cha tano) zimejaa hayo. Mahali pa kipokezi nako kunatofautiana: homoni za jamii ya steroidi kama estrojeni na testosteroni huyeyuka kwenye mafuta, hivyo zinapenya utando wa seli, zinakuta vipokezi vyake ndani na kuwasha au kuzima jeni. Kazi hiyo huchukua saa, hata siku. Adrenalini haipenyi. Inanasa nje, na ndani ya sekunde chache moyo unakwenda mbio.

Tuifuate hiyo adrenalini hadi kwenye seli ya ini. Kipokezi chake kimejisuka kwenye utando, kikipita ndani na nje mara saba. Kwa ndani kuna protini inayoitwa protini G. Ikiwa imelala, imeshika molekuli ya GDP. Kipokezi kikibadilika umbo, inaiachia GDP na kushika GTP, ndugu yake mwenye fosfeti moja zaidi; hapo imeamka. Inakiamsha kimeng'enya (protini ya kuharakisha kazi za kemikali) kinachotengeneza saikliki AMP, molekuli ndogo inayosambaa ndani ya seli. Saikliki AMP inaamsha kinasi, yaani kimeng'enya cha kubandika fosfeti kwenye protini nyingine, kinasi inaamsha vimeng'enya vingine, na mwisho glikojeni iliyowekwa akiba inakatwa kuwa glukosi na kutoka kwenda kwenye damu. Kila hatua inazidisha iliyotangulia, kiasi kwamba adrenalini kidogo sana inafungua sukari nyingi. Earl Sutherland alipata Nobel mwaka 1971 kwa saikliki AMP, Alfred Gilman na Martin Rodbell mwaka 1994 kwa protini G, Robert Lefkowitz na Brian Kobilka mwaka 2012 kwa vipokezi vyenyewe. Njia moja, Nobel tatu.

Sasa tulieni hapa. Wanafunzi hukariri namna ya kuwasha, mtihani ukiisha wanasahau. Mimi naona utamu wote uko kwenye kuzima. Protini G ina saa yake ndani yake: polepole inaikata GTP iliyoishika ikawa GDP, ikajilaza bila kuambiwa. Saikliki AMP ina kimeng'enya cha kuivunja. Kinasi inabandika fosfeti, fosfatasi inakuja kuibandua. Kipokezi kilichoshikwa mno kinavutwa ndani ya seli kisishikike tena. Hakuna cha kuwasha kisicho na cha kuzimia, na magonjwa mengi tunayoyaona huku kwetu ni ujumbe uliokosa wa kuuzima.

Kipindupindu ndicho mfano safi kuliko yote. Bakteria anatoa sumu yenye vipande sita. Vitano vinashika mafuta yanayoitwa GM1 kwenye utando wa seli za utumbo mdogo, cha sita kinaingizwa ndani. Kikifika kinabandika kitu kwenye protini G, palepale penye uwezo wa kukata GTP. Saa imevunjwa. Protini G inabaki macho, saikliki AMP inapanda, milango ya kloridi inafunguka, kloridi inamwagika utumboni, sodiamu inaifuata, maji yanafuata chumvi. Seli haijafa wala haijatobolewa. Inatii amri ambayo hakuna aliyeitoa. Na haitatulia mpaka ibadilishwe yenyewe, maana seli za ukuta wa utumbo hutupwa na kuzaliwa upya kila baada ya siku chache. Ukiweza kumrudishia mgonjwa maji na chumvi kwa siku hizo, umemwokoa. Antibiotiki inafupisha safari tu.

Karibuni.

Kijana wa Busia:

Mkuu umeshuka nondo, ila kuna kitu sikielewi. Kama milango imefunguka na utumbo unamwaga, maji unayompa mdomoni si yatapita moja kwa moja? Mbona ORS, ile pakiti ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji, inafanya kazi?

Fundi wa Hadubini:

Kwa sababu sumu imeharibu njia moja tu. Kwenye seli hizohizo kuna protini nyingine, SGLT1, inayobeba sodiamu na glukosi kwa pamoja kuziingiza ndani. Hiyo haiulizi habari za saikliki AMP. Ukimpa chumvi peke yake haiingii, sukari peke yake haitoshi. Zikija pamoja zinaingia na maji yanazifuata. Kwa hiyo sukari ya kwenye ORS si ya ladha wala ya kutia nguvu.

Robert Crane ndiye aliyelieleza jambo hilo mwaka 1960. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, daktari Dilip Mahalanabis alikuwa kwenye kambi ya wakimbizi huko Bangaon, India, dripu zikamwishia. Akaanza kuwagawia watu mchanganyiko wa chumvi na sukari wanywe wenyewe. Vifo vikashuka kutoka karibu asilimia 30 hadi chini ya 4.

Ukikosa pakiti: lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa. Usizidishe. Na wale wa kumpa mgonjwa soda, acheni: sukari ikiwa nyingi mno inavuta maji kurudi utumboni, mnamharishia mara mbili.

Binti Arua:

Asante mwalimu. Mimi niko S.6, naomba kuuliza. Notisi zetu zinasema asetilikolini inapunguza mapigo ya moyo. Ukurasa unaofuata zinasema asetilikolini inafanya msuli ukaze. Hiyo molekuli iko upande gani? Nimemuuliza mtu darasani akaniambia nikariri tu.

Fundi wa Hadubini:

Usikariri, dada. Haiko upande wowote. Molekuli haijabeba maana ndani yake. Maana iko kwa anayeipokea.

Kwenye msuli wa mkono kipokezi chenyewe ni mlango: vipande vitano vimezunguka tundu. Asetilikolini ikinasa, tundu linafunguka, sodiamu inaingia, msuli unakaza, yote kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Kwenye moyo kipokezi ni cha aina nyingine, cha ile familia ya protini G. Kikishikwa, milango ya potasiamu inafunguka, potasiamu inatoka, na zile seli zinazopanga mapigo zinachelewa kufyatuka. Kwenye tezi za mate kuna ndugu yake mwingine, anayeachia kalsiamu iliyohifadhiwa ndani ya seli, na mate yanatoka. Ule mfano wa vitabuni, kwamba molekuli inaingia kwenye kipokezi kama ufunguo kwenye kufuli, unaeleza umbo vizuri, lakini unakudanganya udhani kila ufunguo una chumba kimoja.

Na usisahau kuzima. Kwenye ule mwanya wa neva na msuli kuna kimeng'enya, asetilikolinesterasi, kinachovunja maelfu ya molekuli za asetilikolini kwa sekunde moja. Bila hicho ungekaza ngumi usiweze kuifungua.

Mzee wa Nyanya (Mbale):

Wanangu nimesoma yote taratibu. Hilo la mwisho limenishtua. Mwaka jana kijana anayenipulizia nyanya alirudi jioni anatokwa jasho na mate kama maji, macho yanamchuruzika, anatapika, nyama za mwili zinamchezacheza. Mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano. Watu wakamnywesha maziwa. Kliniki ya kwanza tuliyompeleka wakaanza kumpima malaria. Alipona, Mungu mkubwa, baada ya kuhamishiwa kwingine. Je, ni hicho kimeng'enya?

Fundi wa Hadubini:

Mzee wangu, ni hichohicho. Umeeleza dalili kuliko vitabu. Viuatilifu vya jamii ya oganofosfeti, kama daimethoeti na profenofosi, vinajibandika ndani ya asetilikolinesterasi na kuifunga. Asetilikolini inatolewa kama kawaida, ila hakuna wa kuiondoa. Ndiyo maana dalili zinaonekana hazina uhusiano: mate, jasho, machozi, kuharisha, mboni ndogo, mapigo kushuka, misuli kucheza. Kila kiungo kinajibu ujumbe uleule kwa namna yake, na vyote vinajibu kwa pamoja bila kupumzika. Dada wa Arua, hapo ndipo jibu la swali lako lilipo, ukiliona kwa macho huwezi kulisahau tena.

Maziwa hayasaidii. Sumu nyingi hupita kwenye ngozi, na shati lililolowa linaendelea kumuingizia hata akiwa amekaa kivulini.

Musawo Rukia:

Niongeze hapo, mimi ni nesi. Kitu cha kwanza vua nguo zote, muogeshe kwa maji mengi na sabuni, na wewe unayemuogesha jikinge mikono. Kisha hospitali haraka, na mje na chupa ya dawa yenye lebo. Tafadhali chupa. Nusu ya muda wetu unaishia kubahatisha alipulizia nini, na si dawa zote za shambani zinafanya hivi. Mankozebu ya ukungu, kwa mfano, si oganofosfeti.

Hospitalini tunatoa atropini. Wengi hudhani atropini inaondoa sumu. Haiondoi. Inakalia vile vipokezi vya moyo, tezi na mapafu ili asetilikolini isipate pa kushika. Mate yanakauka, kifua kinafunguka, moyo unarudi. Lakini kipokezi cha msuli, kile cha mlango alichokieleza Fundi, atropini haikikamati. Kwa hiyo mgonjwa anaweza kuwa amekauka vizuri, watu wa nyumbani wanashangilia, na huku misuli ya kupumua inachoka kimyakimya. Huyo hatumruhusu kwenda nyumbani hata akiomba vipi, na anaweza kuhitaji mashine ya kupumulia.

Mzee wa Nyanya (Mbale):

Webale musawo. Kumbe ndiyo maana walimkatalia kuondoka na sisi tukanung'unika.

Kibooko wa Masaka:

Banange mnatutisha sasa. Kuna habari njema yoyote kuhusu vipokezi? Mimi nauza kahawa.

Fundi wa Hadubini:

Kahawa yako ni mwizi wa kiti, ssebo. Ubongo ukifanya kazi mchana kutwa, adenosini inarundikana, inanasa kwenye vipokezi vyake na kukuletea usingizi. Kafeini ina umbo la kufanana nayo kiasi cha kukikalia kipokezi, lakini si kiasi cha kukibadilisha umbo. Inakaa tu, haisemi kitu. Uchovu haujaondoka, ila hausikiki. Na robusta yetu ina kafeini karibu mara mbili ya arabika, kwa hiyo waambie wateja wa kutafuna za kuchemsha wasilalamike usiku.

Kibooko wa Masaka:

Nitaibandika dukani hiyo.

Dereva wa Malaba:

Mimi nina swali la nyumbani. Mama ana kisukari cha ukubwani. Daktari alisema insulini mwilini anayo, tena si haba, ila "haisikiki". Nikaona ni maneno ya kutupoza. Baada ya kusoma hapa naanza kuelewa kidogo. Ni kipokezi kimekufa?

Fundi wa Hadubini:

Hakijafa, kaka. Daktari wenu alisema kweli. Kongosho hutoa insulini baada ya chakula. Insulini inanasa kwenye kipokezi ambacho chenyewe ni kinasi, kinajibandika fosfeti na kuanzisha mlolongo ndani. Mwisho wa mlolongo, mapakacha madogo yenye protini iitwayo GLUT4, yaliyokuwa yamefichwa ndani ya msuli, yanapanda hadi kwenye utando. Hizo GLUT4 ndizo zinazoingiza sukari. Kwa mwenye kisukari cha aina ya pili, hasa mafuta yakizidi kwenye ini na misuli, mlolongo umefifia katikati: insulini imenasa, lakini GLUT4 zinazopanda ni chache. Kongosho inaongeza sauti, insulini inazidi, na seli inayopigiwa kelele siku zote inazidi kupunguza vipokezi vyake. Baada ya miaka kongosho yenyewe inachoka. Huu nao, kwa namna yake, ni ujumbe uliokosa mapumziko.

Msuli una njia ya pili. Ukifanya kazi, kule kukaza kwenyewe kunapandisha GLUT4 bila kupitia insulini. Kwa hiyo mama akiambiwa atembee baada ya kula, si kwa ajili ya kupunguza mwili tu. Sukari inaingia kwa mlango ambao haujaharibika. Dawa zake aendelee nazo, matembezi hayazibadili, na mpango wowote aupange na anayemtibu.

Dereva wa Malaba:

Jioni ana kawaida ya kwenda kwa dada yake, mwendo wa nusu saa. Tutakuwa tunakula mapema.

Binti Arua:

Swali la mwisho mwalimu, najua nimewachosha. Kansa inaingia wapi kwenye habari hii?

Fundi wa Hadubini:

Hujatuchosha, na mfano mkubwa wa dunia nzima ulianzia hapahapa. Mwaka 1957 daktari mpasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, Denis Burkitt, mtu wa Ireland, alionyeshwa mtoto aliyevimba taya zote. Akaanza kuwatafuta wengine, akaandika mwaka 1958. Alipochora ramani akaona uvimbe huo unafuata maeneo ya joto na mvua, yaleyale ya malaria. Mwaka 1961 alihutubia London, na Anthony Epstein alikuwa amekaa anasikiliza. Vipande vya uvimbe vikawa vinasafirishwa kwa ndege kutoka Kampala, na mwaka 1964 Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong wakaonyesha kirusi ndani yake. Ndicho tunachokiita Epstein-Barr.

Kirusi hicho huingia kwenye seli B za kinga kwa kushika kipokezi chao, CD21. Lakini kirusi peke yake hakitoshi, maana watu wengi sana wanacho na hawaumwi. Kinachotokea kwenye uvimbe wa Burkitt ni kwamba jeni ya MYC, iliyo kwenye kromosomu ya 8, inakatika na kuhamia, mara nyingi, kwenye kromosomu ya 14 kando ya jeni za kingamwili. Kawaida MYC huwashwa pale tu ujumbe wa "gawanyika" unapofika kutoka nje, kisha huzimwa. Kwenye seli B jeni za kingamwili zinawaka muda wote, kwa hiyo MYC iliyohamia hapo nayo inawaka muda wote. Seli haisubiri tena ujumbe wa mtu. Uvimbe unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili, na ndiyo sababu mtoto mwenye taya linalovimba hapaswi kuzungushwa kwa waganga wa meno wa mtaani. Akifika mapema, dawa za kansa zinafanya kazi nzuri, maana zinazipiga hasa seli zinazogawanyika kwa kasi.

Binti Arua:

Kwa nini basi wasitengeneze dawa ya kuizima MYC yenyewe, kama atropini inavyozuia vile vipokezi?

Fundi wa Hadubini:

Wanahangaika nalo kwa miaka mingi. Kipokezi ni rahisi kukitengenezea dawa kwa sababu kina mfuko: mahali palipoumbwa ili molekuli ndogo inase. Karibu theluthi ya dawa zote zilizoidhinishwa zinalenga ile familia moja tu ya vipokezi vya protini G, kuanzia pampu ya pumu hadi dawa nyingi za presha. MYC inakaa ndani ya kiini cha seli, umbo lake limelegea, na haina mfuko wa maana wa kuipachika kitu. Kwa hiyo wengi wanajaribu kuzunguka, wabane zile protini zinazoisaidia kuwasha jeni. Ukienda Makerere kusoma haya, hilo swali bado liko mezani.